Mtandao Unaoitwa Modesti

Jumapili, 14 Januari

Tulimzika Modesti Alhamisi. Nataka niandike jinsi ilivyokuwa, kwa mkono, mara moja, kabla sijaanza kujidanganya.

Jumanne nilikuwa na mahojiano ya masomo ya uzamili, kwa video, saa kumi jioni. Niliomba ruhusa shuleni nikarudi mapema. Saa nane na nusu laptop ikapoteza mtandao. Modesti, mtoto wa mwenye nyumba wangu, alikuwa barazani anafungua redio ya mteja. Mtandao wa nyumba hii ni wake. Ruta iko chumbani kwake, antena iko juu ya mlingoti alioufunga ukutani mwenyewe, na jina linalotokea kwenye simu zetu ni lake, kwa herufi kubwa: MODESTI.

"Modesti, mtandao umekata tena."

"Mbona kwangu upo?"

"Kwangu haupo. Panda uangalie antena."

Akatazama upande wa milima ya Mbizi. "Mwalimu wa fizikia, unaliona wingu lile?"

"Dakika mbili tu," nikasema.

Akavuka shamba la mahindi kwenda kwa jirani yetu Masunga, akaazima ngazi ya chuma. Akapanda, akatikisa waya, akashuka. "Antena haina shida," akasema. Akaingia chumbani kwake kidogo, akatoka, akafunga mlango. "Jaribu sasa. Ikikataa, zima uwashe." Kisha akaweka ngazi begani. Matone yalikuwa yameanza. Alisema ngazi ya Masunga isilale kwetu, baba mdogo wake atapata la kusema, maana tangu ng'ombe wa Masunga waingie kwenye mahindi ya baba mdogo mwezi wa kumi na mbili hawasalimiani. Alisema hayo akiwa anaondoka. Mimi nilikuwa natazama skrini. Sikumwambia aiache.

Nafundisha kidato cha pili kwamba muda unaopita kati ya mwanga na mlio ndio unaokuambia radi iko umbali gani. Siku ile haukupita muda, naye alikuwa katikati ya mahindi, chuma begani.

Saa kumi na moja, huku watu wanalia uani, niliwaandikia wenye mahojiano kwa bando la simu yangu, ambayo kamera yake imekufa: Samahani, nilipata tatizo la mtandao.

Jana Mama mwenye nyumba, mama yake Modesti, aliniuliza, "Sekela, wewe ulikuwepo. Ile ngazi aliifuata ya nini?"

Nikasema, "Sijui, mama."

Jumanne, 16 Januari

Mvua kutwa. Nimezima, nimewasha. Inasema hakuna mtandao wowote uliopatikana.

Jumatano, 17 Januari

Wenye mahojiano wamejibu kwa upole. Wanasema matatizo ya mtandao wanayaelewa, wanakutana nayo kila mwaka. Wamenipangia tarehe 19 Februari, saa nane mchana.

Jumamosi, 20 Januari

Chumba cha Modesti kimefungwa kwa kufuli. Mama amesema hakifunguliwi mpaka arobaini, ndivyo walivyofanya kwa baba yake. Hakuna aliyekumbuka kuzima ruta. Ukichungulia kwenye ufa wa dirisha unaiona taa yake ya kijani.

Leo baada ya rozari Mama alinipa simu yake. Hajui kusoma sana, lakini jina la mwanawe analijua kwa umbo.

"Nikifungua naliona, si ndiyo hili?"

"Ndiyo hili, mama."

"Sasa mbona nikiligusa linanikataa? Zamani lilikuwa linaingia lenyewe."

Nikaligusa. Simu ikafikiri, ikakataa. Nikajaribu ya kwangu, ikakataa. Ya jirani aliyekuja kusali, ikakataa. Wote walikuwa wameshazoea mtandao huu, neno la siri alikuwa amewawekea Modesti mwenyewe. Jina liko pale, lina nguvu, na halimpokei mtu.

Baba mdogo Alois alikuwa amesimama nyuma yetu. Ni mdogo wa marehemu baba yake Modesti, mtu wa sauti ya chini sana. Akasema, "Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile," Mama akajibu.

"Anaonekana lakini hapokei." Akairudia tena, taratibu, kama mtu anayepima kamba. Waliokuwa wanaaga wakakaa tena kwenye majamvi.

Jumapili, 21 Januari

Kanisani watu wanne waliniuliza kama ni kweli.

Alhamisi, 25 Januari

Masunga amekuja na galoni ya maziwa kutoa pole. Ni mtu mrefu, huinama hata pasipo na mlango. Alois akamkuta getini.

"Shikamoo, mzee."

"Masunga, umefuata nini hapa?"

"Pole ya msiba. Siku ya maziko mlinirudisha, nikasema ningoje hasira ipungue."

"Ngazi yako iko kule shambani ilipoangukia. Kachukue, uende nayo."

"Ngazi sina haja nayo, mzee. Nimemletea maziwa mama."

"Ulimpa ngazi kwa mkono wako. Wingu liko juu, unampa mtoto wa mtu chuma. Nani alimwita?"

"Alikuja mwenyewe! Alisema ana kazi ya dakika mbili."

Nilikuwa nafua, hatua kumi kutoka kwao. Mikono yangu ilisimama ndani ya maji. Masunga alinitazama juu ya bega la Alois, nikadhani anajua. Hakujua. Alikuwa anatafuta tu uso wa mtu atakayemsaidia. Nikaendelea kufua.

Maziwa yaliachwa getini mpaka yakaganda.

Jumatatu, 29 Januari

Somo la umeme tuli. Binti mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, radi inaweza kutumwa?" Darasa likacheka, kisha likanyamaza ghafla, maana wanajua ninapoishi. Nilijibu kama kitabu kinavyojibu. Nilipogeuka ubaoni nikawaza kwamba ipo moja iliyotumwa, na aliyetuma ameshika chaki.

Nyumbani nikaifuta programu inayoendesha mtandao ndani ya laptop, nikaiweka upya. Hakuna mtandao uliopatikana. Simu zote za nyumba hii zinamwona Modesti. Laptop yangu peke yake haimwoni.

Alhamisi, 1 Februari

Ua wa Masunga umebomolewa na ndama mmoja amekatwa mguu. Hellena, mke wake, nilimkuta kisimani. Tulizoea kutaniana, yeye Msukuma na mimi Mnyakyusa, wote wageni wa baridi hii. Leo hakunitania. Alisema Masunga amewashusha ng'ombe wote Bonde la Rukwa kwa ndugu yake, watoto nao watafuata.

"Wanasema tumemshikilia," akasema. "Kwamba hajafa, tumemficha mahali, ndiyo maana jina linatokea. Wewe ni msomi, mwalimu. Waambie jina kwenye simu si mtu."

"Nitawaambia," nikasema.

Sikuwaambia. Wangeuliza: basi kwa nini linakataa? Sina jibu. Wangeuliza tena: ngazi ilikuwa ya nini? Hilo jibu ninalo.

Mahindi yamefika kifuani. Ngazi bado iko pale katikati, hakuna anayeigusa, maharage yameanza kuizungukia.

Jumamosi, 3 Februari

Niliipeleka laptop mjini kwa Gift, karibu na stendi. Ana kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, ni binti wa Mbeya kama mimi, mdomo wake haupumziki.

"Mwalimu, umeifanya nini hii? Umeiombea?"

Nilimweleza niliyojaribu yote. Alikuwa anacheka huku anafungua skrubu za chini. Ndani akanionyesha kijikadi kidogo kuliko kiberiti, chenye nyaya mbili nyembamba.

"Hiki ndicho kinachoshika mtandao. Ona." Akakigusa kwa kucha, kikacheza. "Kimelegea kwenye tundu lake, na waya mmoja umechomoka. Iliwahi kuanguka?"

Ilianguka siku ya Krismasi, kutoka kitandani.

"Basi tangu hapo kilikuwa kinashika na kuachia, kinashika na kuachia, mpaka kikaachia moja kwa moja. Wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani antena."

"Antena ya nini? Mtu mwingine nyumbani anapata mtandao, wewe hupati, antena inahusikaje? Si ungemuuliza tu mwenzako, 'kwako upo?'"

Aliniambia. Sikumuuliza hata, aliniambia mwenyewe: kwangu upo.

Gift alikibana kijikadi na kukaza skrubu. Ilimchukua dakika mbili. Nilimwomba nikae kidogo kwenye stuli yake. Akaacha maneno, akaniletea maji.

Siku hiyohiyo, jioni

Nimefika nyumbani, nimeketi kitandani, nimefungua laptop nione kama imepona. Sijagusa kitu. Kwenye kona ikaandika: Imeunganishwa. MODESTI.

Barua za wiki nne zikaanza kushuka mfululizo. Uani namsikia Mama anajaribu simu yake tena, anasema peke yake, "Bado."

Jumatatu, 5 Februari

Ananipokea mimi peke yangu. Nimejaribu mara sita.

Jumatano, 7 Februari

Laptop naifungulia chini ya blanketi, mchana, mlango umefungwa kwa ndani. Kifurushi alinunua Desemba, cha miezi mitatu. Nimesoma karatasi zote za mahojiano. Mtandao una kasi ambayo haukuwahi kuwa nayo alipokuwa hai. Hakuna anayegawana nami.

Nilianza kuamini. Ninaandika hivi mimi, mwenye shahada ya fizikia. Nilianza kuamini kwamba anajua, kwamba ameniachia mlango mmoja wazi ili anione nitafanya nini.

Jumapili, 11 Februari

Ukungu. Sikwenda kanisani.

Jumatano ya Majivu, 14 Februari

Tulirudi na majivu kwenye paji la uso, wote, Alois naye. Jikoni Mama alinipakulia ugali na migebuka, akaniwekea kichwa cha samaki kwa sababu anajua ninakipenda. Amepungua mpaka kanga inamzunguka mara mbili.

Alois aliingia akakaa kwenye kigoda. "Jumamosi ni arobaini. Tukishasali tunafungua chumba, tunakizima kile chombo ili apumzike. Halafu vijana watakwenda kwa Masunga. Jua likizama awe ameondoka, yeye na mke wake. Asipoondoka, sitaweza kuwazuia."

"Utaweza, shemeji," Mama akasema bila kumtazama. "Hutaki tu."

"Wewe hutaki kujua aliyemwua mwanao?"

"Nataka. Lakini kizimwe baada ya mtu kuniambia kwa nini ananikataa. Mimi mama yake. Nimemkosea nini?" Akanigeukia. "Sekela, wewe umesomea mambo ya umeme. Jumamosi utaingia wewe kwanza."

Kichwa cha samaki kilikuwa kinanitazama. Nikasema nitaingia.

Ijumaa, 16 Februari

Nikinyamaza mpaka Jumatatu, nafanya mahojiano yangu, mwezi wa tisa niko mbali. Nimeiandika sentensi hii ili niione ilivyo.

Jumamosi, 17 Februari

Misa ya nyumbani iliisha saa tano. Watu walijaa uani, na vijana kama kumi na tano walikaa upande wa shamba, fimbo zao zimeegemezwa ukutani. Mawingu yalikuwa mazito lakini mvua haikuja.

Mama akafungua kufuli. Kilikuwa chumba cha mtu aliyetoka kidogo: redio ya mteja imefunguliwa mgongo, shati kwenye msumari, kikombe chenye chai iliyoota ukungu. Ruta juu ya meza, taa ya kijani. Tuliingia mimi, Mama na Alois. Wengine walijaa mlangoni.

Kando ya ruta kulikuwa na waya mfupi wa mtandao, upande mmoja bado umechomekwa kwenye ruta. Nikachomeka upande wa pili kwenye laptop. Ukurasa wa ruta ukafunguka, na neno la siri lilikuwa limebandikwa chini ya ruta kwa mwandiko wake. Nikapita ukurasa mmoja mmoja. Antena: nzuri. Kifurushi: kipo. Kisha nikafungua ukurasa wa vifaa vinavyoruhusiwa.

Ruta inaweza kupewa orodha. Kifaa kilichomo kwenye orodha kinaingia, kisichokuwemo kinakataliwa hata kikiwa na neno la siri. Kwa kawaida Modesti aliiacha wazi. Siku ile aliiwasha. Tarehe 9 Januari, saa tisa na dakika sita alasiri. Hicho ndicho alichokuja kufanya chumbani. Aliwafungia wote nje ili mtandao wote uwe wa mtu mmoja, kwa saa moja ya mahojiano. Hata simu yake mwenyewe hakuiandika.

Orodha ilikuwa na mstari mmoja.

"Umeona?" Mama akauliza.

"Nimeona, mama. Hajakukataa. Kuna orodha humu, aliiweka mwenyewe kwa mkono wake. Anayeingia ni aliyeandikwa tu. Na ameandika jina moja."

"La Masunga," Alois akasema.

"Langu."

Nikaigeuza laptop waone. LAPTOP YA SEKELA. Mama aliweka kidole kwenye skrini, akafuata herufi moja moja. Umbo lile hakulijua.

Sikuwa na sentensi nyingine ya kujificha nyuma yake. Nikasema yote nikiwa nimesimama: mahojiano, saa nane na nusu, kwangu upo, panda uangalie. Nikasema dakika mbili tu ni maneno yangu, Modesti aliyachukua kwangu akayapeleka kwa Masunga. Nikasema ngazi iliazimwa kwa ajili yangu. Nikasema antena haikuwa mbovu, kilichokuwa kibovu ni laptop yangu, na hilo nimelijua kwa wiki mbili. Nikasema kwamba jina hili limekuwa likinipokea mimi tangu laptop ilipopona na nimelitumia chini ya blanketi.

Mlangoni watu walikuwa wanapokezana maneno yangu kwa Kifipa, nikasikia yanasafiri mpaka uani.

Alois alisema, "Na radi? Radi nayo ni orodha?"

"Shemeji, nyamaza," Mama akasema. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nilikuuliza ngazi ilikuwa ya nini."

"Ndiyo, mama."

"Ukasema hujui."

"Ndiyo."

"Na mimi nimekupakulia chakula siku zote hizi."

Alikaa kwenye kitanda cha mwanawe, akatoa simu kwenye pindo la kanga, akanipa. "Niandike."

Nikatafuta ndani ya simu yake namba ambayo ruta hukitambua kifaa kwayo, nikaiandika kwenye orodha, mstari wa pili: MAMA. Simu ikatetemeka mkononi mwake. Aliitazama muda mrefu. Alois alikuwa amegeukia ukuta.

"Jina lako litoe," Mama akasema.

Nikaweka kidole kwenye mstari wangu. Ruta ikauliza kama nina uhakika. Nikajibu ndiyo. Nikachomoa waya, na laptop ikajaribu yenyewe kumrudia, kama ilivyofanya kila siku. MODESTI ikatokea, ikafikiri, ikanikataa.

"Sasa kairudishe ngazi ya watu," akasema Mama. "Ukirudi, funga mizigo yako."

Ilinibidi nikate maharage kwa mikono ndipo ikatoka ardhini. Ni nzito, sikujua. Nilipita nayo begani mbele ya vijana, na mmoja wao, kisha mwingine, akachukua fimbo yake ukutani akaenda kwao. Mawingu yalikuwa juu yangu njia nzima na sikukimbia.

Masunga alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Hellena alikuwa ameshikilia upande wa pili. Nikaiweka ngazi chini, nikawaambia. Hellena akaachia godoro.

"Ulijua tangu lini?" Masunga akauliza.

"Tangu siku ile."

Aliinama akaishika ngazi, akaipangusa udongo kwa kiganja, kipandio kimoja baada ya kingine.

"Siku arobaini, mwalimu," akasema. "Ng'ombe wameshashuka. Watoto wameshalia wakanyamaza. Siku arobaini."

Jumatatu, 19 Februari

Mahojiano, kwenye kibanda cha Gift. Walianza kwa kunitania: safari ile ulikuwa na tatizo la mtandao, natumaini limekwisha? Nikasema halikuwa tatizo la mtandao. Nikawaeleza lilikuwa nini. Walinyamaza mpaka Gift akaja kuangalia kama imekata.

Jumapili, 10 Machi

Nimepanga chumba upande wa pili wa mji. Masunga hakuhama, lakini ng'ombe hawajarudi.

Alhamisi Kuu, 28 Machi

Mvua zinapungua. Nilipita kuchukua blanketi nililoliacha. Mama alikuwa barazani anapukuchua maharage, alinikabidhi bila kusimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nilimsikia Alois ndani akisema kifurushi kimeisha tangu wiki iliyopita, chombo kinakula umeme bure, kizimwe. Mama akaendelea kupukuchua. Nikaaga, nikafika barabarani, ndipo akaniita kwa sauti.

"Sekela! Hapo ulipo, unamwona?"

Nikatoa simu. Ilikuwa mbali, nguvu imebaki mstari mmoja.

"Namwona, mama."

"Basi," akasema, akarudi kwenye maharage yake.